Bei ya mafuta tunaijua, moshi je?

Ukinunua tokeni za stima, usiishie kusoma zile namba za kubofya. Chini yake kuna gharama ya mafuta, imeandikwa hadi senti. Ni hela ya mafuta yanayochomwa mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa kule Ziwa Turkana visipotosha. Sisi tunaoishi mgongoni mwa mtambo wa kuzalisha stima kwa mafuta hayo, huku mashariki mwa Nairobi, tunayalipia kisha tunayavuta.

Mtambo huunguruma kuanzia saa moja jioni, nchi nzima ikiwasha taa na televisheni. Ndiyo saa watoto wako nje na madirisha yako wazi maana tunapika. Julai ndiyo balaa: usiku wa baridi hewa haipandi, moshi unatulalia hadi alfajiri. Unanuka kama kiberiti ulichowashia puani. Mafuta mazito yana salfa, na yakiungua hutoa salfa dioksidi, gesi inayobana njia za hewa. Mwenye pumu huihisi dakika chache tu. Binti wa jirani yangu halali bila inhela chini ya mto.

Sitaki mtambo ufungwe. (Stima ikipotea, mimi ndiye wa kwanza kupiga simu na kufoka.) Wala sisemi kila kikohozi cha mtaa kimetoka kwenye bomba la moshi la mtambo ule. Tuna vumbi, tuna matatu, tuna mzee mmoja anayechoma takataka kila Jumapili. Ila hayo ndiyo majibu tunayopewa kila tukiuliza, na kwangu hayo si majibu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilipendekeza salfa dioksidi isizidi mikrogramu 40 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa saa 24. Hapa kwetu ni 30 au 300? Kanuni za ubora wa hewa za 2014 zinamtaka mwenye bomba apime anachotoa. Basi namba ziko kwenye faili la mtu.

Kwa hiyo tumeacha kulia barazani kwa chifu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Barua yetu ya kuomba namba hizo, kurasa mbili na sahihi za nyumba 46, ilipigwa muhuri Jumatatu ya wiki iliyopita. Leo ni siku ya tisa.