Molekuli za kushika floridi zipimwe kwa maji ya Nakuru

Ukitoka Njoro hadi Gilgil utakutana na watu wengi wenye meno ya kahawia, na si ati hawapigi mswaki, ni floridi, madini yaliyoyeyuka kwa maji ya boholi. Mawe ya volkano ya Bonde la Ufa yanaiachia polepole hadi inapita ile 1.5 mg kwa lita ambayo WHO imeweka kama mwisho, na ukinywa nyingi miaka mingi inaingia hadi kwa mifupa. Kuchemsha haisaidii, maji yanapungua floridi inabaki.

Ndio maana nafuatilia sana wakemia wanaounda molekuli za kudaka ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) za chaji hasi, kama floridi. Unatengeneza molekuli yenye uwazi ndani, haidrojeni zake zinaangalia huko ndani, ayoni ikiingia inashikwa kila upande. Wakemia Park na Simmons walionyesha inawezekana na kloridi 1968, mwaka mmoja tu baada ya mkemia mwenzao Pedersen kutangaza molekuli zake za umbo la pete za kushika metali, lakini hii ya chaji hasi ikabaki nyuma miaka mingi. Kazi ni ngumu kweli. Kloridi ni mviringo, nitrati ni bapa, fosfati ina pembe nne, kila moja inataka nyumba yake, halafu floridi imeng'ang'ania maji vibaya sana, kuitoa hapo ni kama kumvua mtu koti saa kumi na moja asubuhi pale Timboroa.

2019 kundi la mkemia Amar Flood kule Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, lilitoa molekuli ya umbo la kizimba inayoshika kloridi kwa nguvu ya ajabu, nikafurahi sana, lakini kipimo kilifanywa ndani ya daikloromethani, kiyeyushi cha maabara, si maji. Hapo ndipo naona shida. Maji yetu ya boholi yamejaa baikaboneti, pH iko juu, na haidroksaidi, ayoni nyingine ya chaji hasi inayoongezeka pH ikipanda, inaweza kuingia kwa ile nafasi ya floridi, kwa hivyo molekuli ikishinda kwa kiyeyushi safi bado haijashinda hapa.

Saa hii tunatumia chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na zinafanya kazi, tatizo mkaa unajaa na lazima ubadilishwe, na familia nyingi hazina njia ya kujua umejaa lini. Molekuli inayobadilisha rangi ikishika floridi ingewaambia hapo hapo jikoni. Mimi ningetaka maabara za kemia za Egerton na Maseno zipewe pesa ya hiyo kazi, wachukue zile molekuli ambazo tayari zimechapishwa, wazifunge kwa karatasi au plastiki, wazitumbukize kwa maji ya boholi ya Njoro vile yalivyo, bila kuyasafisha kwanza, na watoe majibu yote hata ya zile zilizofeli.