Mita ngapi ndizo za haki? Bastola katika uwindaji wa kulungu

Mwindaji aliyezoea misitu ya miombo ya Sikonge au Urambo akiambiwa kwamba Marekani kuna watu wanaowinda kulungu kwa bastola, huenda akacheka kwanza, kwa kuwa kwetu bastola ni silaha ya mfanyabiashara anayelala na fedha za tumbaku nyumbani, si ya kutafutia kitoweo. Hata hivyo, katika majimbo mengi ya nchi ile jambo hilo ni halali na lina kanuni zake, na mjadala wake unatuhusu kuliko unavyoonekana: mnyama apigwe kutoka umbali gani ili afe upesi, badala ya kukimbia na risasi tumboni? Kulungu wao, ieleweke, si pongo ambaye baadhi yetu humwita kulungu. Ni wa jamii isiyopatikana kabisa Afrika kusini mwa Sahara, na dume lake aghalabu humzidi pongo kwa uzito.

Wanaoitetea bastola wana hoja za kusikilizwa. Risasi ya .44 Magnum, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1950, ina upana wa karibu milimita 11 na mara nyingi uzito wa gramu 15 na ushei, na ikipita katika mapafu yote mawili mnyama hafiki mbali. Zipo pia bastola za risasi moja moja, kama Thompson/Center Contender iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, zinazopokea risasi za bunduki ndefu na kufungwa darubini, na kwa hizo mafundi wa shabaha huzungumzia mita 150 na kuendelea. Hoja ninayoiona nzito zaidi, hata hivyo, haihusu chuma: mwenye bastola hulazimika kunyata, kusoma upepo na kungoja, mambo ambayo mwenye bunduki ya darubini kubwa anaweza kuyaruka.

Upande wa pili unaanza na hesabu ndogo. Moyo na mapafu ya mnyama wa kadiri hiyo hukaa katika eneo lenye upana wa takriban sentimita 20, kwa hiyo anayelenga katikati ana nafasi ya kukosea sentimita 10 tu kila upande. Bastola ya kulengea kwa macho huwa na umbali wa kama sentimita 25 kati ya alama ya nyuma na ya mbele, na alama hizo zikipishana kwa milimita 1, risasi itakuwa imehama sentimita 20 mnyama akiwa mita 50. Kwa bunduki ndefu yenye sentimita 70 kati ya alama zake, kosa lilelile huhamisha risasi sentimita 7, na bado iko kifuani. Ongeza kwamba bastola haina kitako cha kuegemeza begani, na kwamba mwindaji aliyetembea saa tatu hupumua kwa nguvu, ndipo utaona kwa nini wengi wao hukomea mita 40 au 50 kwa macho, na mita 100 hivi kwa darubini na egemeo.

Kuna wanaotaka kumaliza ubishi kwa kipimo cha nishati, wakisema risasi imfikie kulungu ikiwa na jouli 1,350 hivi. Kipimo hicho hakinishawishi, kwa sababu .44 nyingi zikitoka kwenye mtutu mfupi hazifikii kiasi hicho hata mdomoni mwa mtutu, na bado huua vizuri kwa karibu. Jimbo la Colorado limechukua njia ya busara zaidi kwa kudai takriban jouli 745 kwenye umbali wa mita 46, yaani limeipima risasi ikiwa njiani kuelekea kwa mnyama badala ya ikitoka mkononi. Lakini hata sheria hiyo hupima baruti na risasi. Mkono wa mpigaji haiwezi kuupima. Kipimo cha mkono ni sahani ya sentimita 20: umbali ambao risasi zako zote huingia ndani yake, ukiwa umesimama au kupiga goti kama porini, ndio mpaka wako.

Hapa Tabora tunalo jambo linalofanana na hilo katika gobore, ambalo mtutu wake hauna michirizi ya ndani ya kuizungusha risasi, na ambalo kwa hiyo lilimfundisha mwenyewe kusogea sana kabla ya kufyatua. Wakati wa masika, nyasi zenyewe humwekea mwindaji mpaka, kwa kuwa haoni mbali. Taabu huanza kiangazi baada ya moto kupita, pori likiwa wazi na tohe akionekana toka mbali, maana jicho hufika mahali ambapo silaha haifiki. Kwa familia nyingi za Kiislamu kuna uzito mwingine: mnyama aliyekimbia na jeraha akakutwa kesho yake amekufa ni kibudu, ingawa wapo wanaotaja jina la Mungu wakati wa kufyatua na kuhesabu kuwa inatosha. Nyama ikapotea, na roho ikateseka bure.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba bastola ni ukatili popote inapotumika. Ndani ya mita 50, mikononi mwa aliyejizoeza, naikubali, na kupita mita 100 naona watetezi wake wanasifu chombo huku wamemsahau mnyama. Ila hoja yao nzito, ile ya kunyata, haihitaji bastola. Anayeweza kumsogelea mnyama hadi mita 40 akiwa na bastola anaweza kufika hapohapo na bunduki ndefu yenye kibali, na kosa lake la milimita 1 litamgharimu sentimita 6 badala ya 16.