Mtungi Umeoshwa, Jamani

Umeoshwa. Umeng'aa. Umepinduliwa kichwa chini juu ya kichanja cha vyombo, unachuruzika maji, na mama mkwe amesimama pembeni anasubiri ashukuriwe.

"Baba, ile pombe yenu iliyoharibika nimeimwaga. Ilikuwa na dude juu, mwanangu, kama ini la mbuzi! Nimelitupa shimoni, na kuku nimewafukuza wasilidonoe."

Nani ana ubavu wa kumfokea mkwe? Unasema, "Ahsante mama, umetusaidia sana," unameza mate, unatoka nje kukagua uzio ambao hauna haja ya kukaguliwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mtungi hawakuutaja.

Basi niyaseme huku yale ambayo kule hayasemeki. Mtungi ule ulikuwa wa siki ya mvinyo, na lile ini ndilo lenyewe! Huyo ndiye mama wa siki. Ni bakteria waliojisukia utando wa selulosi ili waelee juu ya mvinyo karibu na hewa, maana bila oksijeni hawafanyi kazi. Wanachukua kileo, wanarudisha asidi. Utando unaanza mwembamba, wa kijivu, una mng'aro wa mafuta. Wiki zikienda unanenepa na kuteleza, na kwenye mvinyo mwekundu unachukua rangi ya damu ya mzee. Ndiyo kazi inakwenda vizuri hiyo. Ndipo dekio likapita.

Na si kwamba mama alikurupuka. Ukaguzi ulianza tangu begi halijafika chumbani.

"Huu mtungi mbona umevalishwa kanga?"

Unapumua, mama. Ukiukaza kifuniko umewanyonga waliomo, ukiuacha wazi vinzi vya matunda vinahamia na ukoo mzima. Chandarua hakisaidii, vinapenya. Kitambaa kilichofumwa karibu karibu, mpira wa kubania, basi.

"Na mbona haujajaa? Mmeishiwa?"

Hatujaishiwa, mama. Mtungi wa mdomo mpana, unajazwa theluthi mbili, ili uso unaogusa hewa uwe mkubwa.

"Si mngeuweka kwenye friji?"

Wanataka nyuzi joto 25 hadi 30, mama. Yaani joto hili hili la Dar es Salaam linalotukosesha usingizi wao ndilo wanaloliita raha. Kwenye friji wanalala.

"Mh. Mbona unanuka dawa ya kufutia rangi ya kucha?"

Hapo nilimheshimu, pua anayo. Njiani, kabla kileo hakijaisha, kileo na asidi vinaungana na kutoa ethili asetati, na harufu yake ndiyo hiyo hiyo ya saluni. Mtungi ukiendelea kupata hewa inapungua yenyewe. Yote haya nilimweleza nimesimama wima, mikono nyuma, sauti ya chini, heshima zote. Akatikisa kichwa. Akauliza lililokuwa moyoni tangu mwanzo:

"Lakini baba, mvinyo mzima, wa hela, unauchachusha wa nini?"

Wa nini! Mama, umeona bei ya siki ya mvinyo mwekundu dukani? Kichupa kinachoingia mfukoni, kimetoka ng'ambo, na Dodoma zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka! Mvinyo mkavu wa Dodoma, chupa moja ya mililita 750 yenye kileo cha asilimia 12, tayari una siki ya nyumba nzima. Uwe mkavu kweli. Ule mtamu una sukari, na hamira za porini zitaanza sherehe yao humo ndani. Ile iliyoongezwa nguvu hadi 18 inawashinda bakteria kabisa.

Hata hiyo 12 ni kali kwao. Unaongeza maji mililita 375, kileo kinashuka hadi 8. Jirani akichungulia dirishani anaona mtu mzima anatia maji kwenye mvinyo, harusi ya Kana kinyumenyume, na kesho mtaa mzima unajua. Maji yachemshwe na yapoe, klorini ya bomba itoke. Mvinyo nao umimine huku na huku, jagi hadi jagi, ulale wazi usiku mmoja chini ya kitambaa ili dawa yake ya kuhifadhi ipungue makali. Kisha mbegu: mililita 250 za siki hai. Si ile nyeupe ya dukani, mle hamna kiumbe. Tafuta siki ya tufaha ambayo haikuchujwa wala kuchemshwa, yenye machicha chini, au siki ya mnazi ya huko pwani kama haijapita jikoni. Mbegu hiyo inaleta bakteria, na asidi yake inazuia ukungu tangu siku ya kwanza.

Washauri sasa. Mmoja anasema tia hamira. Hamira inatengeneza pombe, ndugu yangu, na pombe tunayo tayari. Mwingine anasema tikisa kila asubuhi. Ukitikisa mama wa siki anazama, bakteria wanaanza kujenga upya. Shemeji yeye hashauri, anakuja na kikombe.

Wiki sita hadi nane unaonja kwa mrija unaopenyezwa pembeni. Ukikuta juu kuna manyoya makavu, ya kijani au meusi, huo ni ukungu. Mwaga vyote, na siku hiyo mama mkwe apewe zawadi. Hayakuwepo manyoya! Lilikuwa linateleza!

Orléans kule Ufaransa chama cha watengeneza siki kilianza 1394. Mapipa yao yanachotwa kidogo, yanaongezwa mvinyo kwa mrija unaofika chini, utando usiguswe. Mwanasayansi Louis Pasteur akaandika kitabu kizima juu ya siki, 1868. Humo kote sijasikia pipa lililooshwa na mkwe.

Na usijidai kuisahau kabatini. Kileo kikiisha, hao hao wanageukia asidi, wanaibadili kuwa maji na hewa ya ukaa, na siki inapooza. Ijaze chupani hadi shingoni, ziba. Ukitaka watulie kabisa, ipashe hadi nyuzi 65 kwa dakika kumi, na hapo ndipo utagundua jiko zima ni sufuria za alumini, ambazo asidi inazila. Ikae miezi miwili ilainike.

Sasa kata kitunguu chekundu, chumvi kidogo, vijiko viwili vya siki, robo saa: kinageuka waridi chote, kachumbari inajiuza. Ukikaanga maini, yatoe, mimina siki kikaangoni, kwangua yale yaliyoganda, hiyo ndiyo rojo. Achari ya kukaa miezi usiijaribu. Inataka asidi ya asilimia 5 iliyopimwa, na ulimi haupimi, karatasi ya pH, ile ya kupimia ukali, nayo haikuambii kiasi. Hapo utarudi kwa ile nyeupe yenye namba kwenye lebo, uipigie magoti baada ya kuitukana.

Kinachobaki ni vizibo. Vifuniko vya bati vinaliwa na mvuke wa siki, kutu inadondokea ndani, kwa hiyo unataka kizibo cha gome. Unakwenda baa kwa adabu, unamwomba mhudumu vile wanavyotupa. Vinatupwa! Viko sakafuni! Anakiokota kimoja, kizibuo kimekitoboa hadi upande wa pili, anakifuta kwenye aproni, anasema mia tano. Kwa kizibo chenye tundu? "Bosi, kila kitu kimepanda."