Wareno wamechonga majina ya watu wao. Sisi wa kando ya mto Ruvuma je?

Huku Lisbon wapo wazee wa miaka sabini na kitu wanaopanda basi bure kwa sababu walipigana Afrika. Tangu sheria ya mwaka 2020, askari wa zamani wa vita vya makoloni wana kadi yao: usafiri wa umma bure, makumbusho bure. Belém, kando ya mto Tejo, upo mnara uliozinduliwa 1994, na ukutani yamechongwa majina ya maelfu waliokufa Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji. Mimi ni mtu wa Newala, kusini mwa Tanzania, mpakani na Msumbiji. Nikipita pale roho inaniuma.

Wengi wa wazee hao nikiongea nao huniambia neno moja: vitani tulishinda, wanasiasa ndio waliotuuza. Sikubali hata kidogo, na ushahidi wangu ni Jenerali Kaúlza de Arriaga, mkuu wa majeshi ya Ureno huko Msumbiji. Julai 1970 aliishukia Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, kwa operesheni kubwa kuliko zote za vita vile vya Msumbiji, akaiita Nó Górdio. Alileta makomando, askari wa miavuli, mizinga, ndege, helikopta, na matingatinga ya kupasua njia kwenye misitu ya Wamakonde. Kambi za FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, alizozilenga, ya Gungunhana, ya Moçambique na ya Nampula, alizitwaa kweli. Lakini wapiganaji wengi walishaondoka. Walijigawa vikundi vidogo, wengine wakavuka Ruvuma kuja kwetu. Na huku jenerali amerundika nguvu kaskazini, vita vikapamba moto Tete, magharibi, vikavuka Zambezi, na kufikia 1972 vilikuwa vimeingia Manica na Sofala. Desemba mwaka huohuo askari wa Ureno waliua mamia ya raia kijijini Wiriyamu, huko Tete. Mwaka 1973 jenerali akaondolewa Msumbiji, na tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi lake lenyewe, waliochoshwa na vita hivyo, wakaipindua serikali ya Lisbon. Ushindi gani huo?

Alihesabu kambi na bunduki, akasahau watu. Wamakonde wa Mueda walikuwa hawajasahau Juni 1960, ndugu zao walipomiminiwa risasi pale pale Mueda. Na ng'ambo ya mto kulikuwa na Nachingwea, vijana wa FRELIMO walikofunzwa, na kulikuwa na vijiji vyetu vilivyopokea wakimbizi, vikagawana nao mihogo na mashamba, huku ndege za Wareno zikivuka mpaka. Hilo tingatinga halikuweza kulifikia.

Maisha ya huku sitayasema vibaya. Mshahara unaingia kwa siku yake, na ukiugua unatibiwa. Lakini nawaona wazee hawa mkahawani, kadi mfukoni, wanakunywa kahawa peke yao mpaka jioni. Mzee wa kwetu hapiti njiani bila shikamoo, na wajukuu hawamwachi akae peke yake. Kwa hilo bado tumewazidi mbali. Ila shikamoo haiandiki jina la mtu popote. Askari wetu waliofia Msumbiji wamezikwa Naliendele, Mtwara, na wanakumbukwa, jambo zuri sana. Je, mama aliyewapikia wakimbizi? Mvuvi aliyewavusha watu usiku kwa mtumbwi? Wengi wamekwenda na habari zao, na waliobaki ni wakongwe.

Ndugu zangu tulioko nje, tunachanga kwa harusi na misiba bila kusukumwa. Tuchange na kwa hili. Walimu wa sekondari za Newala, Tandahimba na Nanyumbu wawatume wanafunzi na simu zao kwa bibi na babu, warekodi kwa Kimakonde na Kiswahili: nani alipokea nani, kijiji gani, mwaka gani. Kisha kila kijiji cha mpakani kijenge ukuta wake. Saruji na fundi havizidi gharama ya harusi moja ya mjini.