Tisini, namba ya gunia

Jumamosi iliyopita tulinunua gunia la mahindi Soko la Wakulima hapa Nakuru, mimi na majirani wawili wa ploti yetu kule Rhonda. Kilo 90. Tukalishusha mlangoni pangu, tukaazima mizani, kila mtu akabeba zake 30. Hakuna aliyenuna. Mara ya mwisho tulikuwa watano, kila mmoja akaondoka na 18, na siku hiyo pia hakuna aliyenuna. Ndipo nikaanza kuiangalia tisini kwa jicho lingine.

Chini ya mia hakuna namba inayoipita kwa kugawika. Huigawa bila baki 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 15, 18, 30, 45 na yenyewe 90. Jumla 12. Wenzake wenye 12 ni 60, 72, 84 na 96 tu. Mia tunayoisifu kila siku inazo 9, na hamsini ni 6 basi. Hebu gawia watu watatu kilo 50 uone mtakavyogombania punje. (Najua sheria inataka viazi vifungwe kwenye magunia yasiyozidi kilo 50. Sina ugomvi nayo, mgongo wa mbebaji si wa chuma. Mimi naongea hesabu.)

Ina kasoro yake: ikija familia ya nne, kila mtu ana 22 na nusu.

Na hakuna aliyekaa chini akaichagua kwa uzuri wake. Enzi za mkoloni gunia la mahindi lilikuwa ratili 200, yaani karibu kilo 90.7. Tulipohamia kilo, zile pointi zikadondoka, tukabaki na 90. Bahati tu.

Lakini kilichoninyima usingizi ni hiki. Ipasue 90 kuwa namba mbili zinazozidishana, kwa sharti moja: zisiwe na kigawanyo cha pamoja isipokuwa 1. Unapata 1 na 90, 2 na 45, 5 na 18, 9 na 10. Jozi ya 3 na 30 haikubaliki, zote zinagawika kwa 3. 6 na 15 vilevile. Sasa iweke 90 yenyewe kando, ujumlishe zilizobaki: 1, 2, 45, 5, 18, 9, 10. Chukua kalamu, usiniamini mimi. Inarudi 90 kamili. Namba za aina hii zinazojulikana hadi leo ni tano tu duniani: 6, 60, 90, 87,360, na jitu moja lenye tarakimu 24 lililochapishwa mwaka 1975. Yaani ya tatu katika orodha hiyo imekaa jikoni kwangu, imefungwa kwa kamba ya katani.

Dukani hapa karibu gorogoro moja, lile kopo la kupimia nafaka, huhesabiwa kilo 2, hivyo gunia ni gorogoro 45. Nilimwendea mama anayetuuzia rejareja nikamweleza hivyo, nikifurahia 45 yangu. Gorogoro lake lilikuwa juu ya mahindi, kitako kimebonyezwa ndani kama sahani.

"Mama, gunia linakutolea ngapi?"

Akacheka. "Mwalimu, hiyo inategemea gorogoro."