Mageuzi, mageuko na yule nyani

Tanzania ilipoiacha klorokwini mwaka 2001, maelezo ya mtaani yalikuwa mafupi: vimelea vya malaria vimeizoea dawa. Ukisikia hivyo utadhani kimelea ni kama mnywaji, jana kililewa, leo kimekomaa. Sivyo. Vichache vilikuwa na tofauti ya kurithi iliyovikinga. Dawa ikaua vingine, hivyo vichache vikabaki na kuzaana. Kilichobadilika ni kundi, si kimelea mmojammoja. Wazo hili ndilo kiini cha somo lote la jinsi viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, ambalo Waingereza huliita evolution, na ndilo ambalo maneno yetu ya Kiswahili hulipotosha.

Wanaoliita "mageuzi" wana hoja: neno limeshazoeleka, kwa nini kulisumbua? Lakini penye kugeuza pana mgeuzaji. Tena kwa Mtanzania aliyeona vyama vingi vikirudi mwaka 1992, mageuzi ni bendera na mikutano ya hadhara. "Mageuko" hayadai mtendaji, ndiyo maana nayapendelea, ingawa nayo yana kivuli chake. Katika ngano zetu mtu hugeuka fisi usiku mmoja, na msikilizaji hawezi kulaumiwa akidhani biolojia inasema hivyo hivyo. Wapo wanaotaka tukope tu, tuseme evolusheni. Neno hilo halina kivuli, kweli, lakini pia halimwonyeshi msomaji chochote.

Linalonikera zaidi ni "uteuzi asilia", jina la kile kilichovipata vile vimelea: wenye sifa ya kurithi inayofaa hubaki na kuzaana, wengine hufa. Kwetu uteuzi hutoka Ikulu, na aliyeteuliwa hupigiwa simu za pongezi. Hapa nani anateua? Mimi ningesema "mchujo wa asili", kwa kuwa chujio halina nia; linapitisha kinachopita. Hata hivyo sitajifanya kwamba Kiswahili pekee ndicho chenye tatizo. Mwaka 1866 mwanasayansi Alfred Wallace alimwandikia mwenzake Charles Darwin akilalamika kwamba msemo wa Darwin wa Kiingereza, natural selection, uliwafanya watu wamtafute mchaguzi. Darwin hakuuacha, na sayansi ikasonga mbele nao. Kwa hiyo wanaosema mfano mzuri hufundisha kuliko istilahi nzuri hawajakosea sana.

Ila kuna kosa ambalo mfano hauliponyi: "binadamu alitokana na nyani". Nyani anayeiba mahindi shambani ni binamu wa mbali. Aliye karibu zaidi ni sokwe, naye pia si babu yetu. Njia zetu ziliachana yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, kutoka kwa mhenga mmoja ambaye hakuwa sokwe wala mtu. Kosa hilohilo humkuta Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wetu, ambaye fuvu lake mtafiti Mary Leakey alilipata katika Korongo la Olduvai mwaka 1959. Mara nyingi huwekwa kwenye foleni ya mababu wanaonyooka mgongo hatua kwa hatua. Kumbe katika korongo hilohilo, zama zilezile, aliishi pia Homo habilis, binadamu wa aina ya kale, na tawi la Zinjanthropus lilikauka bila kutuzaa.