Shujaa Aliyebaki Kwenye Safu

Katika hadithi za vita, sifa humwendea aliyechomoka. Achilles, shujaa wa Wagiriki, anamwandama Hector wa Troia peke yake chini ya kuta za mji huo. Fumo Liyongo wetu aliogopwa na mji mzima hata alipokuwa maiti iliyopiga goti kisimani. Safu ya askari waliobanana ngao kwa ngao huwekwa nyuma, na mara nyingi huwepo ili ivunjwe tu, shujaa apate pa kupita. Wapo wanaoona ni sawa: safu haibebi hadithi, kwani askari wa safuni hana jina wala uamuzi, na pasipo uamuzi hapana ushujaa. Hoja hiyo ina uzito wake, ila inamdhulumu mtu wa safuni.

Tazama ngao ya askari wa miguu wa Kigiriki katika karne ya 5 KK. Ni duara la mbao lenye upana wa sentimita 90 hivi na uzito wa kama kilo 7. Mkono wa kushoto hupitishwa kwenye pete ya katikati, kiganja kikashika mshikio ulio ukingoni. Kwa hiyo karibu nusu ya ngao hutokeza kushoto, ambako mwenyewe hana mwili wa kukinga. Anayekingwa huko ni jirani yake. Thucydides, mwanahistoria wa Kigiriki wa karne hiyo, anaeleza kwamba majeshi yakisonga mbele huvutika kulia, kwa kuwa kila mmoja, kwa hofu, hujibana kwenye ngao ya mwenzake wa kulia. Hofu ilikuwepo, basi. Aliyesimama alisimama nayo, akijua kuwa akiondoka, atakayebaki wazi ni mwingine.

Ndiyo maana kisa cha Aristodemus hakiniishi akilini. Huyu alikuwa Msparta. Mwaka 480 KK, huko Thermopylae, Wagiriki walipowakabili Waajemi, aliugua macho. Eurytus, Msparta mwenzake aliyekuwa na maradhi yaleyale, alimwamuru mtumwa wake amwongoze hadi vitani, akafa. Aristodemus akarudi nyumbani. Sparta hakuna aliyempa moto wala kumsemesha. Mwaka uliofuata, katika vita na Waajemi haohao huko Plataea, alitoka safuni akapigana kama aliyepagawa hadi akauawa. Herodotus, mwanahistoria wa vita hivyo, anamhesabu kuwa hodari kuliko wote siku ile, lakini Wasparta walimnyima heshima: alitaka kufa, walisema, na aliiacha nafasi yake. Wakamtukuza Posidonius, Msparta mwingine, ambaye hakutafuta kifo na bado alipigana kiume.

Herodotus anashuku kuwa ni husuda. Huenda. Jamii iliyomtenga mtu mpaka akakitafuta kifo, kisha ikamlaumu kwa kukitafuta, haiwezi kukwepa lawama, na Aristodemus namhurumia sana. Lakini kwenye hukumu yenyewe niko upande wa Wasparta. Alipochomoka, ngao yake ilikwenda naye. Aliyekuwa kushoto kwake hatajwi popote, na hadithi za mashujaa hazimuulizii.

Udhaifu wa safu ni wa kweli, hilo halifichiki. Mwaka 390 KK huko Lechaeum, karibu na Corinth, kikosi cha Wasparta wapatao 600 kilivamiwa na watupa mikuki wepesi wa Iphicrates, kamanda wa Athens. Walitupa, wakakimbia, wakarudi tena, na Wasparta kwa uzito wa silaha zao hawakuwafikia. Mwanahistoria Xenophon anataja vifo 250 hivi. Lakini kikosi kile kilikuwa kimeachana na wapanda farasi wake, na walipokuja hawakusaidia kitu. Hapo wa kulaumiwa ni makamanda.

Ama dai kwamba safu haibebi hadithi, Homer mwenyewe, mshairi wa kale wa Kigiriki, analijibu. Katika Iliad, utenzi wake wa vita vya Troia, Hector anaposhambulia kuelekea merikebu za Wagiriki, Wagiriki waliowazunguka mashujaa wao wawili waitwao Ajax wanabanana, ngao kwa ngao, vishungi vya kofia zao vikigusana kila wakiinamisha vichwa. Hector anaifikia safu hiyo na kukwama. Wanamchoma kwa panga na mikuki, anarudi nyuma akiyumba, na Homer hakuona haja ya kutaja mmoja aliyemrudisha.